Mama Yangu Hana Kazi

Kama ulikuwa nami wiki iliyopita, basi uliniacha nimesimama dirisha la tatu la ofisi ya ruzuku, mdomo wazi, natumbulia macho kompyuta ya watu. Kama umeingia leo, sogea, nafasi ipo. Nakupa kwa ufupi.

Mimi ni kijana wa fotokopi. Huu ni mwaka wa pili nafanya kazi kwenye kibanda cha bwana mmoja tunayemwita Wino, ng'ambo ya barabara, mkabala na ofisi hiyohiyo ya ruzuku. Kazi yangu ni kuwajazia watu fomu za kuomba ruzuku ya chuo, ile ambayo mtoto wa asiyejiweza hulipiwa ada na mtoto wa mwenye nacho huambiwa akamwone baba yake. Fomu ina kurasa kumi na mbili. Naweza kuijaza nimefumba macho.

Mwaka huu nikajaza ya kwangu. Nimechaguliwa kusomea udaktari wa mifugo. Wale niliowajazia, wote walipata. Mimi nikajibiwa: "Familia ina uwezo. Ombi limekataliwa."

Mganga hajigangi. Nikavuka barabara kwenda kuuliza huo uwezo tumeupata lini, maana sisi wenyewe hatujaambiwa.

Mama wa dirisha la tatu akanigeuzia kompyuta yake. Ilikuwa picha ya sebule yetu, iliyopigwa na mhakiki wa ofisi siku alipokuja nyumbani, mimi nikiwa kazini. Ukuta ulikuwa wetu. Dirisha lilikuwa letu, na kile kipande cha kadibodi kilichoziba kioo. Lakini mbele ya dirisha kulikuwa na makochi makubwa ya rangi ya maziwa, televisheni pana, na zulia.

Sisi tuna viti viwili vya plastiki na ndoo.

Hapo ndipo tulipoachana.

"Kijana, hapa ni kwenu au si kwenu?" akauliza mama wa dirisha.

"Ni kwetu."

"Na makochi?"

"Sijui."

"Hujui makochi ya kwenu?"

Foleni nyuma yangu ikaangua kicheko. Mtu mmoja akasema matajiri wana mambo.

"Una siku saba za kukata rufaa," yule mama akasema. "Mlete mzazi. Kama hivyo vitu si vyenu, mlete na mwenye vitu. Haya, anayefuata!"

Nilipaswa kuona hasira, au aibu, au angalau njaa. Nakiri kwamba sikuhisi chochote. Nilirudi kibandani nikatoa kopi arobaini za cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mtu, nikazibana pini moja moja.

Jioni nilimkuta Mama kwenye cherehani.

Nimtambulishe Mama yangu. Ni fundi cherehani tangu kabla sijazaliwa. Baba alipotangulia, mimi nikiwa darasa la pili, ni cherehani hiyo iliyobaki ikitulisha. Futi yake ya kupimia haitoki shingoni hata akiwa anapika. Mtaa mzima unamwita Fundi, na nadhani wengi hawajui kama ana jina jingine.

"Mama, siku ile mhakiki alipokuja, makochi yalitoka wapi?"

Hakuinua macho. "Kwa Mama Makochi. Yatoke wapi tena?"

Mama Makochi ni jirani wa mlango wa pili. Ndiye mwenye seti nzuri pekee hapa mtaani, na kila nyumba inayotarajia wakwe huenda kumwangukia.

"Na televisheni?"

"Kwa kinyozi. Ile haiwaki, ni ya kuonyesha tu."

"Mama! Kwa nini?"

"Kwa nini nini? Si uliniambia kuna mtu mkubwa anakuja kwa ajili ya masomo yako? Sasa nimkalishe kwenye ndoo? Akirudi huko aseme mtoto huyu katoka kwa watu gani, hawana hata pa kumkalisha mgeni?" Akakata uzi kwa meno. "Nilimnunulia na soda. Akaimaliza yote. Akasema, mama, nyie mmejipanga. Nikamwambia tunashukuru."

Nikakaa kwenye ndoo.

Sasa nikiri la kwanza. Wateja wangu wote nawapa somo moja kabla hawajaondoka kibandani. Mhakiki akija, msipange kitu, msiazime kitu, msimpe soda, mwacheni aone mlivyo. Nalisema hilo mara ishirini kwa siku. Mama yangu sikumwambia. Ningeanzaje? Mama, kuna mtu anakuja kupima umaskini wetu, kwa hiyo tafadhali usijitie heshima? Ulimi ulikataa. Nikasema "mtu mkubwa anakuja", nikatoka zangu kwenda kuwafundisha mama za wenzangu.

La pili ni zito zaidi. Nitalifikia, usinikimbize.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Makochi nikamwamkia, nikamweleza shida.

"Kwa hiyo nikaseme mbele ya wakubwa kwamba makochi ni yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na wataandika?"

"Wataandika."

"Basi twende! Miaka yote hii naazimisha, hakuna aliyewahi kuniandikia."

Chumba cha rufaa kilikuwa na meza ndefu, feni isiyozunguka na chupa ya chai. Wafanyakazi wote wa ofisi ile huvaa kitambulisho chenye kamba ya kijani shingoni, na aliyekaa nyuma ya meza alikuwa na ya kwake, pamoja na miwani iliyoning'inia kwa kamba nyingine. Nilimpa jina la Miwani moyoni, na leo nitamwita hivyohivyo.

Mama alivaa gauni lake la kutokea, alilolishona mwenyewe. Futi aliiacha nyumbani. Shingo yake ilionekana ya mtu mwingine.

Mama Makochi hakungoja kuulizwa.

"Mkono wa kushoto wa lile kochi refu una alama ya pasi. Kuza hiyo picha, baba. Kuza. Hapo! Unaiona? Aliyeunguza namjua, na kila siku tunasalimiana."

Miwani akakuza picha. Alama ya pasi ilikuwapo, ya kahawia, na ncha yake kabisa. Akacheka hadi akavua miwani.

"Mama, rufaa yenu ina mashiko," akamwambia Mama yangu. Akachukua kalamu. Akaifungua.

Akaiweka chini.

"Kitu kimoja tu. Hapa pembeni, hiki kilichofunikwa kitambaa cheupe, chenye vikombe juu. Ni nini?"

"Ni cherehani," Mama akasema. Alilisema vizuri, kama mtu aliyeulizwa hatimaye swali analolijua.

"Cherehani?" Miwani akafunua fomu yangu. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaenda mbele mmoja. Mimi nilijua ni ukurasa wa nne. "Mbona mwanao ameandika hivi: Kazi ya mama, hana. Chanzo cha kipato, hakuna."

Hapa ndipo lilipo lile la pili.

Ukurasa wa nne unauliza kazi ya mzazi. Ukiandika fundi, au mchuuzi, au msusi, fomu inakudai kurasa tatu zaidi: leseni, taarifa ya mapato, mhuri wa ofisi ya mtaa. Nani mtaani kwetu ana leseni ya kushona? Wino alinifundisha siku yangu ya kwanza kazini. "Asiye na karatasi ya mshahara, mwandikie hana kazi. Unaokoa kurasa tatu na ndoo ya machozi." Nimewaandikia hivyo wauza mboga, waosha magari, wasusi, wabeba mizigo. Mkono umezoea. Ilipofika zamu ya mama yangu, mkono haukuuliza. Ukaandika: hana.

Nilimpelekea atie sahihi, nikamwambia, "Soma kwanza, Mama."

"Nisome nini, si umeandika wewe?" akasema, pini mdomoni, akatia sahihi.

Na sasa mtu mwingine alikuwa anamsomea.

"Hana kazi nani?" Mama Makochi akaruka. "Huyu? Hata hili gauni nililovaa..."

Mama akamkanyaga mguu chini ya meza. Niliona. Mama Makochi akafunga mdomo, jambo ambalo sikuwahi kulishuhudia.

"Mama, nisikilize," Miwani akasema, taratibu. Hakuwa mtu mbaya. "Kama cherehani ni yako na unashonea watu, basi fomu hii ni ya uongo. Fomu ya uongo naifunga hapahapa. Na kijana hataruhusiwa kuomba tena, si mwaka huu, si mwaka wowote. Sasa niambie. Na hii nayo ni ya kuazima?"

Mama akaniangalia.

Nilikuwa na muda wa kutosha. Ningeweza kusema, bwana mkubwa, kosa ni langu, mama yangu ni fundi, nimesoma kwa mguu wake kwenye kile kikanyagio. Sikusema. Nilihesabu mapanga ya feni. Yalikuwa matatu.

"Ya kuazima," Mama akasema.

"Ya nani?"

"Ya fundi mmoja wa pale mtaani."

"Mbona hamkuja naye?"

"Ameacha kazi."

Miwani akaandika. Alikuwa na mwandiko mzuri sana.

"Rufaa imekubaliwa, kwa sharti moja. Ndani ya siku kumi na nne mtu wetu atapita, na hatatoa taarifa. Akikuta hiyo cherehani inafanya kazi ya watu, ruzuku imefutwa. Asipokuta, kijana anakwenda chuo. Hongera, mama."

"Asante, baba," akasema Mama.

Njiani Mama Makochi alijizuia mpaka kona ya kwetu. Pale akashindwa.

"Shoga yangu, miaka yote ile..."

"Yaache," Mama akamkatiza.

Nilingoja aingie kwake. "Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Si umefaulu?"

Hakulisema kwa hasira. Afadhali angelisema kwa hasira.

Siku hiyohiyo alifuta mashine, akaitia mafuta, akaifunika kile kitambaa cheupe. Futi akaikunja akaitia kwenye droo. Kisha akaanza kuwarudishia watu nguo zao.

"Hodi, Fundi!" Huyo alikuwa mzee mmoja mwenye suruali ya kupunguza.

"Fundi hayupo."

"Mbona ninakuona?"

"Mimi ni mama wa kijana wa fotokopi. Chukua suruali yako, baba, uangalie pini hapo kwenye upindo."

Mzee akacheka. Alipoona hachekewi, akaichukua suruali akaondoka anageuka nyuma. Walikuja wengine. Mwenye sare za shule. Mwenye gauni la bibi harusi, huyo alilia. Wote aliwaambia maneno yaleyale, kwa adabu, akawafungia mlango. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba Fundi anaumwa kichwa, wengine kwamba mwanawe akienda chuo atakuwa mtu wa juu, hataki mama anayeshonea watu. Hili la pili lilinifikia kibandani. Nikalipokea nikaendelea kutoa kopi.

Siku ya tano sukari iliisha. Tukanywa chai hivyohivyo.

"Mama, si ungeshona kidogo tu, mlango umefungwa?"

"Ile mashine ina sauti, mtaa mzima unaijua. Na hata isingekuwa na sauti." Akaweka kikombe. "Nimesema mbele ya watu kwamba fundi ameacha kazi. Sasa nijifungie ndani kama mwizi, na mashine yangu mwenyewe?"

Nikasema sawa. Siku hizi nasema sawa kwa kila kitu.

Siku ya nane alikuja kibandani mama mmoja na binti yake. Nikafika ukurasa wa nne. Mkono ukaanza kuandika, mara ukasita.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nauza mboga. Tangu huyu hajazaliwa."

Nikaandika: Muuza mboga. Wino alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauchana ule ukurasa.

"Una wazimu? Unataka kumnyima mtoto wa watu chuo? Leseni atatoa wapi?"

Nikachukua karatasi nyingine nikaandika hana. Yule mama akanishukuru sana.

Nilipofika nyumbani siku ile Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, anaangalia ukuta. Nikaona miguu yake. Vidole vilikuwa vinashuka, visigino vinapanda, visigino vinashuka, vidole vinapanda, juu ya sakafu tupu. Nadhani hata hakujua. Hapo nikahisi kitu. Kilikuwa cha kwanza tangu dirisha la tatu, nikakitambua: ni huzuni. Nilimwonea Mama huruma na nikajichukia mimi. Kisha nikaenda kunawa uso.

Siku zikahesabika. Kumi. Kumi na moja. Hakuna aliyepita kutoka ofisini. Kumi na mbili. Mama Makochi akaleta sukari, akaiweka mlangoni bila kugonga.

Siku ya kumi na tatu ilikuwa Jumamosi, niko nyumbani. Mama yuko kitini pake, miguu inakwenda.

"Hodi hapa! Fundi yupo?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ngeni. Nikamwangalia Mama.

"Mjibu wewe," akasema. "Wewe ndiye mwandishi wa nyumba hii."

Nikafungua. Alikuwa dada mmoja wa makamo, amekumbatia kitambaa cha buluu kilichokunjwa, jasho linamtiririka.

"Nisaidie, kaka. Nimeambiwa hapa kuna fundi asiyekosea kipimo. Nimetoka mbali, nimeulizia mtaa mzima, kila mtu ananiambia njoo hapa, kisha anasema lakini. Lakini nini, hawasemi."

Nilikuwa tayari na jibu. Fundi hayupo. Maneno mawili, na kesho yake siku ya kumi na nne, na baada yake udaktari wa mifugo.

Ndipo nilipoona shingo yake. Kamba ya kijani ilitokeza kwenye ukosi. Kitambulisho chenyewe alikuwa amekitumbukiza ndani ya blauzi.

Huenda alikuwa mhakiki. Huenda alikuwa mfanyakazi tu wa ofisi ile mwenye shida ya gauni, kwani watu wa ofisini hutembea uchi? Nilisimama pale nikipima. Nyuma yangu sikusikia kitu. Miguu ya Mama ilikuwa imetulia.

"Hapa si kwa Fundi?" akauliza tena.

"Ni hapa," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Fundi ni mama yangu. Yupo. Karibu ndani."

Na nakuambia ukweli, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Nyuma yangu droo ikafunguliwa. Kitambaa cheupe kikavutwa, nikasikia vikombe vikiwekwa chini harakaharaka.

Yule dada akaingia. Hakungoja kuonyeshwa kiti, akakaa kwenye ndoo. Akaweka kile kitambaa cha buluu magotini, akakikunjua mkunjo mmoja, wa pili. Katikati yake mlikuwa na faili. Nililijua lile jalada: lilikuwa la ombi langu, na kopi yake nilitoa mimi.

Mama hakuliona. Alikuwa ametugeuzia mgongo, anapuliza vumbi kwenye sindano. Alipogeuka, futi ilikuwa shingoni mwake, na uso wake ulikuwa ule wa zamani, ambao nilikuwa nimeusahau kwa siku kumi na tatu.

"Simama nikupime, mwanangu," akamwambia.

Yule dada akaniangalia mimi, akaitazama ile futi, akasimama.